Mwendo wa Springi na Gurudumu Lililo Hewani

Gari lenye nguvu katika magurudumu yote manne likivuka korongo kwa mshazari, mara nyingi gurudumu moja la mbele na jingine la nyuma la upande wa pili huning'inia hewani. Gari hukwama, ingawa injini yanguruma. Sababu imo ndani ya difu. Difu ya kawaida hugawa nguvu ya kuzungusha sawa kwa sawa baina ya magurudumu mawili ya ekseli moja. Gurudumu lililo hewani halina kinacholipinga, hivyo hupokea nguvu ndogo mno, na lile lililokanyaga ardhi hupata kiasi kicho hicho. Basi injini kubwa zaidi haisaidii kitu. Yapasa magurudumu yaifuate ardhi. Umbali ambao gurudumu laweza kupanda na kushuka kabla ya kuzuiwa ndio tuuitao mwendo wa springi.

Kuupima si kazi ngumu. Inua ekseli upande mmoja kwa jeki mpaka raba ya kizuizi iguse fremu, kisha pima kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa madigadi. Halafu inua fremu mpaka gurudumu liache ardhi, upime tena. Tuseme umepata sentimeta 45 na 63. Mwendo ni sentimeta 18. Fremu ikiinuka kabla raba haijagusa, springi ni ngumu kupita kiasi. (Asiingie mtu chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee.)

Ugumu huo mara nyingi huletwa na mabamba yaliyoongezwa ili gari libebe mzigo mzito. Kila bamba huongeza ugumu pamoja na msuguano. Urefu nao una athari kubwa: bamba likirefushwa mara 2, unene na upana vikibaki vilevile, ugumu hupungua hadi sehemu 1 ya 8. Koili haina msuguano wa mabamba. Ndiyo maana Range Rover ya mwaka 1970 ilitumia koili kwa magurudumu yote, na Land Rover One Ten ikafuata mwaka 1983. Lakini koili hubeba uzito tu, haiishiki ekseli mahali pake, hivyo huhitaji vyuma vya kuishikilia. Kwa gari la mizigo mizito, mabamba ya nyuma bado yana haki yake.

Wengine huweka vipande vya chuma kati ya springi na ekseli. Gari huwa refu na rahisi kupinduka, lakini mwendo haukui hata kidogo ikiwa shokapu ni zilezile. Fungua shokapu upande mmoja: ekseli ikishuka zaidi, basi shokapu ndiyo iliyokuwa ikiizuia. Ndefu zaidi yafaa, mradi ikikunjwa yote isifike mwisho kabla ya raba ya kizuizi, la sivyo itavunjika. Hatimaye, ekseli ikiwa imeshuka kabisa, tazama mpira wa breki. Ukiwa umekazika, ubadilishwe kwa mrefu zaidi kabla gari halijatoka gereji.