Mapenzi, Maajabu na Hadithi ya Nkambo: Vidokezo 6 vya Kuanza Riwaya Yako Wiki Hii

Wewe wa Lubudi unayeficha daftari chini ya godoro, njoo karibu. Mwaka 2012 Marissa Meyer wa Marekani alimchukua Cinderella, akamfanya fundi wa mitambo mwenye mguu wa chuma, na vijana wakakigombania kitabu. Shaaban Robert alimtangulia kwa miaka sitini: kitabu chake Adili na Nduguze kimechotwa kwenye Alfu Lela Ulela, ila ndugu waliogeuzwa mbwa kule, yeye aliwafanya nyani. Kuisimulia upya hadithi ya kale ni kazi ya heshima, na Lualaba tumejaliwa hadithi. Haya, kalamu!

1. Cinderella asubiri, Ruweji kwanza

Unaijua hii? Mfalme wa Lunda anasuka mkeka, kando yake chungu cha maji ya kulowekea nyuzi. Maji yamegeuka meupe. Wanawe wanarudi wamelewa, wanadhani ni pombe ya michikichi wanayonyimwa, wanampiga mzee wao. Binti yake Ruweji ndiye anayemuuguza, na mzee anamwachia yeye lukano, bangili ya ufalme. Kisha anatokea Chibinda Ilunga, mwindaji kutoka Uluba. Wanapendana, na siku moja Ruweji anamkabidhi bangili ile. Kaka zake wanaondoka kwa hasira kuelekea magharibi. Mpaka leo Mwant Yav, mfalme wa Lunda aliyeko Musumba, huko Kapanga, huvaa lukano.

Kaka wabaya, mgeni mzuri, kitu chenye nguvu: riwaya nzima imekwisha kukaa mezani! Mbinu yangu: usianzie mwanzo. Anzia usiku ule Ruweji anapoivua bangili. Mwandike akiutazama mkono wake, ngozi imebaki laini pale lukano ilipokaa, na mkono wa Chibinda Ilunga umenyooshwa mbele yake unangoja. Anampa kwa sababu anampenda, au kwa sababu amechoka kuogopa kaka zake? Ukilijibu swali hilo, sura ya kwanza imepatikana. Na kwa kuwa hii ni historia ya watu walio hai, ukiongeza majini na mabawa badilisha majina. Ni adabu, na inakupa uhuru.

2. Maajabu yawe na bei

Miaka ya sabini, sebule nyingi za Katanga zilikuwa na picha ya mambamuntu ukutani: mwanamke mzuri, nusu samaki, anachana nywele zake kando ya maji. Anayepata unywele wake anatajirika, lakini lazima atunze siri na asiwe na mwanamke mwingine. Sasa mtazame kijana aliyeokota unywele huo, halafu akampenda binti wa jirani. Moyo haujaanza kukudunda? Andika sharti la maajabu yako kwa sentensi moja, ulibandike ukutani. Kila sura ilisogelee sharti hilo, mpaka lile sharti livunjwe.

3. Kiatu cha kioo hapana, msalaba wa shaba ndiyo

Zamani huku kwetu misalaba midogo ya shaba ilikuwa fedha. Ivunje vipande viwili, kila mpenzi abaki na chake, umeshapata alama ya kutambuana. Na kama unatafuta maajabu yasiyohitaji mchawi, shika kipande cha malakiti. Kitazame vizuri: kijani juu ya kijani, michirizi ikizungukana kama maji yaliyotupiwa jiwe. Mafundi wa kale walikiweka tanuruni pamoja na makala, wakavukuta, na lile jiwe la kijani likatoka shaba nyekundu. Hebu msichana wako awe binti wa fundi huyo, mwenye kujua kugeuza rangi. Mwana wa mfalme atamfuata mwenyewe, wala hatahitaji ramani.

4. Boga libaki shambani, panda treni

Reli ya kutoka Tenke kwenda Bukama na Kamina inapita Lubudi. Una haja gani ya gari la boga? Kiwanda cha saruji cha hapo kina vumbi jeupe la kumfunika mzimu. Upemba, hifadhi ya tangu 1939, ina punda milia. Chagua mahali pamoja tu, uende ukakae hapo dakika kumi, uandike harufu tatu.

5. Mapenzi yapikwe kama maharagwe

Moto mdogo, muda mrefu. Wasomaji wako wana miaka kumi na sita, kumi na saba. Wanachokitaka ni ile hali ya kungoja. Wapenzi wakutane mara tatu kabla mkono haujagusa mkono. Mara ya kwanza wagombane (ndoo kisimani inatosha), mara ya pili mmoja amfiche mwenzake, mara ya tatu mmoja aseme uongo kumlinda mwingine. Na tafadhali, msichana wako awe na kazi anayoipenda zaidi ya kuolewa. Shangazi wa kuuliza habari za mahari muweke pia, maana bila yeye nani ataamini kwamba tuko Lualaba?

6. Mrekodi nkambo Jumapili hii

Nenda kwa nkambo, yaani bibi yako, na sukari, salimia, kaa chini, usaidie kuchambua mboga. Usimwambie "nisimulie hadithi," atakwambia amesahau. Muulize hivi: "Nkambo, mlipokuwa wasichana, mlikatazwa nini mtoni?" Kisha nyamaza. Katazo moja linazaa hadithi tatu, nami sijamwona nkambo aliyeishia kwenye moja. Ukirudi nyumbani, andika mistari kumi usiku huohuo, sauti yake ikiwa bado sikioni. Simu ichaji Jumamosi, umeme ungalipo.