Waziri wa Siku Saba

Andrew Fisher alizaliwa Uskoti mwaka wa 1862. Angali mtoto aliingia kazini katika mashimo ya makaa ya mawe, akawa akisoma jioni. Mwaka wa 1885 alivuka bahari kwenda Queensland, koloni la Waingereza ambalo leo ni jimbo la Australia. Huko hatimaye akachimba dhahabu mjini Gympie.

Mwaka wa 1893 alichaguliwa kuingia katika Baraza. Tarehe 1 Desemba 1899 Bwana Anderson Dawson aliunda Serikali ya Chama cha Wafanyakazi, ya kwanza ya namna hiyo duniani, naye Fisher akapewa uwaziri wa Reli. Lakini Serikali ya namna hii husimama kwa wingi wa kura za wajumbe, nacho chama chao hakikuwa nao. Tarehe 7 ikaanguka.

Je, siku saba zafaa nini? Zilionyesha ya kuwa mchimbaji aweza kukabidhiwa idara ya Serikali. Kati ya 1908 na 1915 Fisher alikuwa Waziri Mkuu wa Australia mara tatu. Mwaka wa 1912 Serikali yake ilianza kuwapa akina mama waliojifungua paundi 5. Ila, wala jambo hili si la kufichwa, wanawake wenyeji wa nchi hiyo na wale wa Asia walinyimwa.