Ujumbe wa Figo na Unukuzi wa Jeni Ndani ya Uboho

Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, kisha huharibiwa. Ili pengo hilo lizibwe, uboho wa mtu mzima hulazimika kuzalisha chembe zipatazo milioni 2 kila sekunde. Kadiri ya uzalishaji huo huamuliwa zaidi na figo, ambazo huhisi upungufu wa oksijeni na kutoa protini iitwayo erithropoietini. Je, protini itokayo figoni huwezaje kuamrisha jeni zilizomo katika kiini cha seli iliyo mbali nayo?

Yafaa ieleweke kwanza kwamba protini hiyo haiendi kuzigusa jeni. Kazi yake huishia mlangoni: hushika vipokezi viwili vilivyo juu ya utando wa seli changa ya damu na kuvigeuza mkao. Upande wa ndani, kila kipokezi kimeshikana na kimeng'enya kiitwacho JAK2. Mkao ukigeuka, vimeng'enya hivyo viwili huamshana kwa kupachikana fosfati, kisha huipachika fosfati protini nyingine, STAT5, ambayo hadi hapo hukaa bila kazi katika ute wa seli. STAT5 mbili zilizopachikwa fosfati huungana, na jozi hiyo huingia katika kiini na kujishikiza mahali maalumu kwenye DNA. Ndipo vimeng'enya vya unukuzi huanza kuinakili jeni iliyo jirani katika umbo la RNA.

Miongoni mwa jeni ziamshwazo ni ile ya protini Bcl-xL, ambayo huizuia seli isijiue. Neno hilo si la mapambo: seli changa zikikosa ujumbe wa figo hujiangamiza zenyewe. Kwa hiyo ujumbe huo hausemi tu "zaeni", bali pia "msife". Hii ndiyo sababu kubwa ya mgonjwa wa figo kupungukiwa damu hata akila vyakula vyenye madini ya chuma. Tangu mwaka 1989 homoni hiyo, ikitengenezwa viwandani, imeidhinishwa nchini Marekani kwa wagonjwa wa namna hiyo.

STAT5 huamsha pia jeni ya protini CIS, ambayo hurudi kwenye kipokezi na kukituliza. Umuhimu wa utulivu huo ulidhihirika mwaka 2005, watafiti walipogundua kasoro iliyomo katika zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa wa polisithemia vera, ambao damu yao huwa nzito kwa wingi wa chembe. Asidi amino ya 617 ya JAK2, yaani valini, imebadilika kuwa fenilalanini. Kimeng'enya hicho huendelea kupachika fosfati hata figo zikinyamaza, na damu huweza kuganda mishipani na kuleta kiharusi. Tiba ya zamani ya kupunguza damu kwa kuitoa ingali inatumika. Dawa ya ruksolitinibu, izuiayo JAK2, iliidhinishwa Marekani mwaka 2014 kwa baadhi ya wagonjwa hao. Lakini haibagui kimeng'enya chenye kasoro na kilicho kizima, hivyo mgonjwa aitumiaye huweza naye kupungukiwa damu.