Somo la Kompyuta: Programu Kongwe Ndani ya Kompyuta Mpya

Ndugu zetu wanafunzi, somo la mwaka huu linahusu jambo ambalo wengi wenu mtakutana nalo siku ya kwanza mtakapoingia kazini, iwe ni ofisi ya shule, ya duka au ya zahanati. Utakabidhiwa kompyuta mpya yenye Windows 11, na pembeni yake utawekewa sidii ya Office 97 au Office 2000 iliyofifia maandishi, kisha utaambiwa: "Kazi zetu zote zilifanywa kwa hii, tunataka zifunguke humu." Aliyekuajiri hana haja ya kujua biti ni kitu gani. Anachotaka ni rejista ya wanafunzi ya mwaka 1999, kwa sababu yupo mtu mlangoni amesafiri kutoka mbali kuja kutafuta uthibitisho kwamba alimaliza masomo yake, na daftari la karatasi lilishaliwa na mchwa.

Basi kwanza tufahamu kwa nini programu ya zamani inakataa kufanya kazi, maana asiyejua chanzo cha ugonjwa hubahatisha dawa.

Programu haifanyi kila kitu peke yake. Kila inapotaka kufungua faili, kuandika kwenye skrini au kupeleka kazi kwa printa, huuomba mfumo endeshi, yaani Windows yenyewe. Mfumo ukibadilisha namna yake ya kupokea maombi, programu iliyoandikwa zamani hubaki ikiomba kwa desturi ya zamani, na jibu haliji au huja lisiloeleweka.

Badiliko kubwa kuliko yote ni la biti. Programu za DOS na za Windows 3.1 zilikuwa za biti 16. Windows 95 ikawaletea watu wa kawaida programu za biti 32, na bado iliwapokea wale wa 16. Kompyuta za leo ni za biti 64. Windows ya biti 64 huendesha programu za biti 32 bila taabu, lakini za biti 16 haiziendeshi kabisa. Windows 10 ndiyo ya mwisho kutolewa pia kwa biti 32. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, ni ya biti 64 tu. Kwa hiyo Office 95, 97, 2000, XP na 2003, ambazo zote ni za biti 32, zina matumaini. Ama WordPerfect 5.1 ya DOS, ya mwaka 1989, au Word 6 ya Windows 3.1, usijichoshe kuibofya. Ina njia yake nyingine tutakayoitaja.

Hapa pana mtego uliowakatisha tamaa wengi. Ziko programu za miaka ya 1990 ambazo zenyewe ni za biti 32, ila kile kiprogramu cha kuziinstoli ni cha biti 16. Mtu akibofya "Setup" akaambiwa haiwezi kufanya kazi, huitupa sidii, kumbe nyumba ni nzima na kilichoharibika ni mlango. Windows ya biti 64 inavitambua vichache kati ya viprogramu hivyo, hasa vile vya Microsoft vya wakati ule na InstallShield 5, na huweka mbadala wake kimyakimya. Visivyotambuliwa hukwama.

Badiliko la pili ni la ruhusa. Katika Windows 95 na 98 programu iliandika popote ilipopenda. Tangu Windows Vista, mwaka 2007, folda ya "Program Files" inalindwa. Programu kongwe iliyozoea kuweka mambo yake humo hukataliwa, au maandishi yake huelekezwa kwenye folda nyingine iliyofichika ya mtumiaji, iitwayo VirtualStore. Ndipo utakapomsikia karani akilalamika: "Nimehifadhi jana, leo mwenzangu akifungua haoni kitu." Si uchawi wala si karani mzembe. Kazi imehifadhiwa, ila kila mtumiaji anaona nakala yake.

Tukishajua hayo, tuingie kwenye kazi. Kabla hujagusa chochote, nakili mafaili yote sehemu mbili, mojawapo iwe nje ya kompyuta hiyo. Kisha nakili sidii nzima kwenye flashi, kwa sababu laptop nyingi za siku hizi hazina sehemu ya kuingizia sidii, na sidii yenyewe inazeeka. Namba ya leseni kwa kawaida imebandikwa kwenye kasha, si kwenye sidii. Iandike mahali, maana makasha hupotea kwanza. Office 97 inatosheka na namba hiyo. Kuanzia Office XP ya mwaka 2001, Microsoft ilianza kudai pia uthibitisho kwa intaneti au kwa simu. Wapo watakaokuletea nakala "iliyovunjwa" ili kukuepusha na hilo. Mbali na kwamba ni mali ya watu, nakala hizo ni njia kuu ya virusi kuingia ofisini, na rejista unayotaka kuiokoa ndiyo itakayoumia.

Bofya faili la "Setup" kwa kitufe cha kulia cha mausi, uchague "Run as administrator". Likikataa, ingia "Properties", kisha "Compatibility", uchague Windows XP. Maana ya hatua hii ni nyepesi: programu nyingi za zamani huuliza, "Hii ni Windows ya ngapi?" na zikijibiwa namba zisizoijua hukataa kuendelea, hata kama zingeweza. Kwa kuchagua XP, unaiambia Windows ijibu kwa namba ya zamani, na ibadilishe pia baadhi ya desturi zake. Haigeuki kuwa XP kweli, na ndiyo maana dawa hii haiponyi kila mgonjwa.

Utakapoulizwa mahali pa kuweka programu, usikubali "Program Files". Andika folda yako mwenyewe, mfano C:\Office97, nawe utakuwa umeepukana na sehemu kubwa ya tatizo la ruhusa. Chagua vipande unavyovihitaji tu: Word, Excel, na Access kama ipo. Outlook iache. Hiyo ndiyo inayosumbua zaidi, na hata ikikubali kufunguka haina faida, kwa sababu seva za barua pepe za leo zinadai njia za usimbaji ambazo Outlook ya mwaka 1997 haikuwahi kuzisikia. Kwa wenye Office XP au 2003: programu ikikutaka ukubali masharti ya leseni kila unapoifungua, ifungue mara moja tu kwa "Run as administrator", ukubali, uifunge. Haitakuuliza tena.

Sasa tufike kwenye maandishi ya Kiarabu, ambayo sisi yanatuhusu kuliko ofisi nyingi. Word 97 na zilizofuata huhifadhi herufi kwa mpango wa Unicode, ambamo kila herufi ya kila lugha ina namba yake. Mafaili hayo yakifunguliwa leo, Kiarabu chake huwa salama. Tatizo lipo kwa programu zisizojua Unicode. Hizo zilitumia namba 256 tu, na namba ileile ilisomwa alifu kwa mpangilio wa Kiarabu, na ikasomwa Ç kwa mpangilio wa Ulaya. Namba ya lamu ikasomwa á. Kwa hiyo ukifungua faili la mtihani ukakuta kila neno linaanza na Çá, usilie wala usilifute. Hiyo ni "al" ya Kiarabu, na maandishi yako yote yapo kamili. Ingia "Control Panel", kisha "Region", halafu sehemu ya "Administrative", ubadilishe lugha ya programu zisizo za Unicode iwe Kiarabu, uiwashe upya kompyuta. La kuogopa ni kuhifadhi faili likiwa katika hali ile mbovu, au mtu mwenye bidii kuanza "kusahihisha" herufi moja moja.

Mara nyingine herufi ni sahihi lakini ukurasa umevurugika. Mtihani uliokuwa kurasa mbili umekuwa tatu. Hapo chunguza fonti. Fonti ya Traditional Arabic, iliyotumika sana zamani, katika Windows 10 na 11 haiji moja kwa moja kwa kila mtu. Iko katika kifurushi cha nyongeza cha fonti za Kiarabu, nacho hupatikana kwenye "Settings", mahali pa "Optional features". Kiongeze, ukurasa utarudi ulivyokuwa au karibu na hapo.

Huenda mwanafunzi akauliza: Je, ikiwa yote hayo yameshindikana? Tunasema: tengeneza kompyuta ndani ya kompyuta. Programu kama VirtualBox, ambayo ni ya bure, huigiza kompyuta nzima ndani ya dirisha, na humo unainstoli Windows XP yenye leseni yake, kisha Office ndani ya hiyo XP. Kumbukumbu ya MB 512 inaitosha, na kompyuta za leo zina mara nyingi zaidi ya hiyo. Programu za DOS nazo huendeshwa kwa DOSBox, ingawa hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya michezo, na printa huisumbua. Wenye Linux wanayo Wine, ambayo huendesha hata programu za Windows za biti 16. Jina hilo lisimshtue mtu. Ni kifupisho cha maneno mengine, wala halihusiani na kinywaji.

Lakini tukisema kweli, sisi hatupendekezi ofisi iendelee kuandika barua zake kwa Office 97 mwaka baada ya mwaka. Office 2003 iliacha kupata marekebisho ya usalama Aprili 2014, na 2007 ikafuata Oktoba 2017. Zilizotangulia ziliachwa kabla ya hapo. Wakongwe wanakikumbuka kirusi cha Melissa cha Machi 1999, kilichosafiri ndani ya faili la Word na kujituma kwa barua pepe. Na mwaka 2017 iligunduliwa kasoro katika kile chombo cha kuandikia milinganyo ya hesabu, kasoro iliyokuwamo tangu mwaka 2000. Microsoft ilikiondoa kabisa Januari 2018. Kwa hiyo kompyuta yenye Office kongwe ikatwe intaneti, na isifunguliwe faili lililotoka kwa mgeni.

Aidha, tutofautishe chombo na kilichomo. Yule mtu aliyesimama mlangoni hahitaji Office 97, anahitaji jina lake. Mara nyingi njia fupi ni kuacha programu na kuokoa mafaili. LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010, ni ya bure na inafungua .doc na .xls za zamani, mafaili ya WordPerfect, Lotus 1-2-3, dBase, Works na hata Publisher. Ndani yake kuna kigeuzi cha kubadilisha folda nzima kwa mara moja. (OpenOffice hiyo hiyo ndiyo iliyopewa sura ya Kiswahili na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, ikaitwa Jambo OpenOffice.) Word mpya nayo inafungua .doc, ila ya Word 95 kurudi nyuma inaweza kuizuia kwa usalama. Kizuizi hicho kinaondolewa katika "Trust Center", na kirudishwe ukimaliza. Walimu wa hesabu wajue kwamba milinganyo ya zamani itaonekana, ila kuisahihisha ni kazi nyingine.

Kigumu ni Access 97, na bahati mbaya rejista nyingi ziko humo. Access 2013 na zilizofuata hazifungui faili la Access 97. Ukipata kompyuta yenye Access 2003, 2007 au 2010, ibadilishe humo kwanza, ndipo upande nayo juu. Usipopata, ndipo Office 97 tuliyoiinstoli kwa taabu inapolipa: fungua rejista kwa Access 97 yenyewe, utoe kila jedwali kama faili la Excel. Fomu na ripoti hazitahama, utazitengeneza upya. Majina, tarehe na alama zitahama.

Baada ya kuhamisha, hesabu safu za kila jedwali jipya na la zamani, namba zilingane. Chagua wanafunzi kumi wa miaka tofauti, uwalinganishe kwa karatasi zozote zilizobaki. Angalia hasa tarehe, kwani mwaka ulioandikwa kwa tarakimu mbili unaweza kusomwa vibaya na programu mpya. Excel husoma 29 kuwa 2029, na mwanafunzi aliyezaliwa mwaka 1928 atajikuta hajazaliwa bado.