"Ameharibiwa" au "ameharibika"? Vitenzi mbele ya muuguzi

Muuguzi anayempokea mwanamke aliyebakwa ana mengi ya kufanya kwa muda mfupi. Dawa za kukinga VVU huanzwa ndani ya saa 72, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba ndani ya siku 5. Lakini sentensi ya kwanza hutangulia dawa, na hapo mwanaisimu ana la kusema.

Ninaangalia kusini mwa Maniema, upande wa Lusangi, Kasongo na Kabambare, ambako vita vilivyoanza 1998 viliacha majeraha mengi ya aina hii. Nyumbani mama huenda anasema Kizimba au Kibangubangu. Kwa muuguzi anasema Kiswahili. Faili huandikwa kwa Kifaransa. Maneno yake hupita milango miwili kabla ya kufika kwenye karatasi.

Tuchukue kitenzi -haribu. "Ameharibiwa" ni kauli ya kutendwa: yupo aliyeharibu, hata asipotajwa. "Ameharibika" ni kauli ya kutendeka: mtendaji ametoweka, imebaki hali tu, kama embe lililooza. Tena ndivyo tunavyomsema mtu aliyepotoka tabia. Mama akisema "waliniharibu", muuguzi akajibu "pole, kumbe umeharibika", kiambishi kimoja kimehamisha kosa kutoka kwa wenye silaha kwenda kwake.

"Kunajisi" kuna ubaya mwingine. Kasongo ina Waislamu tangu enzi za Tippu Tip, na aliyepita madrasa anajua najisi ni uchafu unaozuia sala. "Amenajisiwa" humbandika mtendwa uchafu huo. "Kubaka" hutaja nguvu iliyotumika, basi. Kwangu hilo ndilo neno la kazi.

Maswali nayo. "Kwa nini ulienda shambani peke yako?" hudai utetezi, wala halisaidii tiba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2013 unataka mhudumu asikilize bila kumshinikiza mtu asimulie. Sarufi yetu ina nyenzo za kutosha: badala ya "vua, lala hapa", kuna "Mama, ungependa tuanzie wapi?" au "Nikupime sasa, ama tungoje kidogo?" Kiambishi -nge- na dhamira tegemezi humrudishia uamuzi mtu aliyenyang'anywa uamuzi.

Akisema "yale mambo", muuguzi naye aseme "yale mambo". Neno "kubaka" linaweza kusubiri mpaka mama mwenyewe alitamke, au mpaka faili ilidai, na hapo aelezwe kwanza ni nini kinachoandikwa.