Kitufe cha dharura dukani na nyumbani: anza na watu, waya baadaye

Wengi mmeniuliza kuhusu kile kitufe chekundu kilichoko chini ya kaunta yangu hapa Nyalikungu, kinauzwa wapi na kinafungwaje. Nitaeleza yote, hata waya. Ila kabla hujatoa hela mfukoni nijibu swali moja: ukikibonyeza saa 8 usiku, nani anakuja?

Kama jibu ni "polisi", jiulize kituo kiko umbali gani na gari lao usiku huo liko wapi. Kama jibu ni "majirani", wameambiwa? Wanajua mlio huo ni wako, au watadhani ni pikipiki ya mtu inalia? Kitufe hakimkamati mwizi. Kazi yake ni kuita tu, na mtu haitiki wito asioujua.

Sisi wa Usukumani jambo hili hatukulianza leo. Kabla ya ving'ora kulikuwa na mwano, lile yowe la kupokezana: anayelisikia analipokea, analipeleka mbele, halafu anatoka nje. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe na ujambazi ulipozidi maeneo ya Kahama na Shinyanga, sungusungu walianza vijijini na wakaenea upesi. Maswa yetu wakati huo ilikuwa ndani ya mkoa wa Shinyanga, Simiyu ikaja kuundwa 2012. Sungusungu walitumia yowe na filimbi, na mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo ili kazi yao itambulike kisheria. Nguvu yao haikuwa kwenye filimbi, maana filimbi hata mtoto anayo. Kila nyumba ilijua ikisikia ifanye nini, na asiyetoka aliulizwa kesho yake kwa nini hakutoka.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haina gharama. Chagua watu watano. Wawili wawe majirani wa ukuta kwa ukuta, wanaolala pale pale. Mmoja awe kiongozi wa ulinzi wa eneo lako, sungusungu au ulinzi shirikishi, vyovyote mnavyowaita. Wa nne awe polisi wa kata, na wa tano ndugu yako ambaye hazimi simu usiku. Nenda kwa kila mmoja kwa miguu, usimtumie ujumbe tu. Mwenyekiti wa kitongoji naye apewe taarifa, maana king'ora kikilia usiku malalamiko yataanzia kwake.

Mimi nilipopita kwa mzee jirani yangu aliniuliza swali ambalo fundi hakuniuliza. "Mwanangu, hiki kikilia nije na nini?"

Hapo ndipo penye uzito kuliko betri na waya. Wote tunaijua ile lugha ya kwenye habari, "wananchi wenye hasira kali". King'ora kinaita watu kumi gizani, wana fimbo na mapanga, hawajui nani ni nani. Anayeonekana akikimbia anaweza kuwa mwizi, lakini anaweza kuwa mteja wako aliyeponyoka, au shemeji yako aliyefika na basi la usiku. Na hata akiwa mwizi kweli, akifia mikononi mwa watu mlangoni kwako, hiyo ni kesi ya mauaji, na watakaoisimamia ni wale wale majirani waliotoka kukusaidia. Hawakuja kwa ajili yao, walikuja kwa ajili yako.

Basi tulikubaliana hivi, nanyi kubalianeni kwa maneno yenu: wanakuja na tochi na filimbi, hakuna anayeingia ndani peke yake, wawili wanasimama mlango wa nyuma, na mmoja aliyeteuliwa mapema ndiye anayepiga polisi. Namba ni 112, ya moto ni 114. Mtu akikamatwa anakalishwa chini, anasubiri polisi, hapigwi. Mzee alisema yeye ndiye atakayesimama kati ya mtu huyo na vijana. Nilimshukuru sana, na tangu siku ile nalala vizuri kuliko nilivyolala baada ya kununua king'ora chenyewe.

Sasa tuje kwenye vifaa. Kuna njia mbili, ya kelele na ya kimya, na nakushauri uwe nazo zote mbili ukiweza, maana kazi zake ni tofauti.

Ya kelele ni rahisi mno. Unahitaji king'ora cha volti 12, betri ya volti 12, fyuzi, kitufe, na waya. Kutoka betri waya wa chanya unapita kwenye fyuzi, unaingia kwenye kitufe, unatoka kwenda king'ora, kisha hasi inarudi betri. Basi. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, isiwe kule mwisho, ili waya ukichubuka na kugusana popote njiani, fyuzi ikatike na siyo nyumba iungue. Kwa king'ora kidogo fyuzi ya ampea 3 inatosha; soma kwanza ampea zilizoandikwa kwenye king'ora chako.

Kwa nini betri na si umeme wa ukutani? Kwanza kwa sababu mhalifu anayejua kazi yake anaanza na kukata umeme, au anasubiri umeme ukatike wenyewe, na huku hasubiri sana. Pili, volti 12 haikuui ukigusa waya. Hesabu yake ni nyepesi. Betri ndogo ya ampea-saa 7, kama zile za pikipiki au za mageti, na king'ora kinachokula ampea 1: kwa hesabu ya karatasini ni saa 7. Usiiamini karatasi, kata nusu, saa 3 na kitu. Wewe unahitaji dakika kumi tu. Betri ikae kwenye chaja yake muda wote, chaja ya betri za aina hiyo inayoshikilia kama volti 13.5 hadi 13.8. Usichukue chaja yoyote iliyozagaa, itaichemsha betri mpaka ivimbe. Wenye sola ya volti 12 nyumbani tayari mna betri. Ongezeni fyuzi, kitufe na king'ora, kazi imeisha.

Kitufe kiwe cha aina ile ukibonyeza kinabaki ndani, mpaka ukizungushe au utumie ufunguo kukirudisha. Ukinunua cha kengele ya mlango, king'ora kitalia ukishikilia na kunyamaza ukiachia. Hakuna anayeshikilia kitufe huku amewekewa panga shingoni.

Kikae wapi? Fundi wangu alitaka kukiweka ukutani juu, kipendeze. Nikamwambia, "Fundi, sitaki mteja akione, nataka goti langu likione." Kaa pale unapokaa kila siku, mikono yote miwili juu ya kaunta. Kitufe kiwe mahali goti au mguu unafika bila bega kutingishika. Siyo ndani ya droo ya pesa, maana droo atakuwa ameishika yeye. Kwa sisi ambao duka liko mbele na familia inalala nyuma, weka cha pili chumbani, karibu na kichwa cha kitanda upande unaolalia, juu kidogo mtoto asifikie. Vitufe viwili vinaunganishwa sambamba kwenye king'ora kimoja. Chochote kikibonyezwa, kinalia. King'ora chenyewe kipande juu chini ya paa, kwa nje, mdomo ukitazama nyumba za watu na siyo barabara. Betri ibaki ndani na waya upite ndani ya bomba, usining'inie.

Kuna mitambo ambayo imepangwa kinyume: waya ukikatwa, king'ora kinalia. Ukinunua mtambo kamili mwambie fundi afunge kwa mtindo huo. Gharama inaongezeka kidogo na inafaa.

Ya kimya inatumia laini ya simu. Ni kiboksi kinachowekwa laini, na kina rimoti ndogo ya kubana mfukoni au kuvaa shingoni. Ukibonyeza, kinapiga simu kwa namba ulizoweka, moja baada ya nyingine, na kutuma ujumbe. Mambo ya kuangalia hapa ni mengi kuliko watu wanavyodhani. Laini isajiliwe kwa alama zako za vidole, siyo za fundi wala za kijana wa dukani atakayeondoka mwakani. Ondoa namba ya siri ya laini, la sivyo umeme ukizima na kurudi kiboksi kitakaa kinasubiri mtu aingize namba. Weka salio na ulitumie kidogo kila mwezi, kwa sababu laini iliyolala muda mrefu hufungwa. Badilisha nywila ya kiwandani, zile za 1234 au 0000. Ukiiacha, anayejua namba ya laini hiyo anaweza kukizima kwa ujumbe akiwa amekaa kijiweni. Na hakikisha kina betri yake ya ndani.

Namba ya kwanza kwenye orodha iwe ya jirani wa ukuta, siyo ya kaka yako aliyeko Mwanza. Kaka atapokea, atashtuka, halafu atafanya nini? Chagua kupigiwa simu, siyo ujumbe peke yake, maana ujumbe hauamshi mtu. Maandishi ya ujumbe yawe hivi: "DHARURA DUKANI KWANGU. Pitia nyuma. Usiingie peke yako. Mpigie polisi 112." Usikipange kiboksi kipige 112 chenyewe. Polisi anahitaji mtu wa kumjibu yuko wapi, kuna nini, wahalifu ni wangapi, na mashine haijibu. Acha jirani apige.

Asiye na hela ya kiboksi asikate tamaa. Simu nyingi za Android za toleo la 12 na kuendelea zina sehemu ya dharura kwenye mipangilio: ukibonyeza kitufe cha kuwashia mara tano haraka, simu inaita namba ya dharura. Nyingi zinakuruhusu kuongeza watu wako wa karibu. Na baadhi ya vitochi vina kitufe cha SOS kabisa, kinatuma ujumbe na kupiga namba ulizoweka. Ukikiwasha, simu usiichezee mtoto.

Lini ubonyeze kipi? Hili lifundishe kila anayekaa kaunta, hata yule binti anayekushikia duka nusu saa ukienda kula.

Mlango unavunjwa na wewe uko ndani: kelele, papo hapo, kabla hawajaingia. Mwizi ambaye bado yuko nje ana njia ya kukimbia na ataitumia. Mtu yuko mbele yako na silaha: mpe pesa, mikono ionekane, usimkazie macho. Hapo king'ora kinaweza kumtia hofu akakuumiza. Kama goti linafika kwenye cha kimya bila yeye kuona, bonyeza; kama halifiki, acha. Pesa ya floti inatafutwa tena. Akishatoka na kuondoka, funga mlango, ndipo uwashe kelele. Moto: kelele, kisha piga yowe "moto!" ili watu waje na ndoo na siyo fimbo. Mgonjwa ndani ya nyumba: tumia simu, acha king'ora, hutaki watu kumi wenye tochi mlangoni kwa mama mwenye uchungu.

Kelele ya bahati mbaya itatokea tu siku moja. Zima, toka nje ujionyeshe, sema kwa sauti kwamba ni salama, kisha watumie wale watano ujumbe. Ukijificha ndani kwa aibu, siku ya kweli watu watageuka upande wa pili wa kitanda.

Kwangu vyote, yaani king'ora, betri, chaja, vitufe viwili, kiboksi na ufundi, havikufika laki tatu. Upande wa kelele pekee ni chini ya nusu ya hapo. Fundi yeyote mzuri wa umeme wa magari anaweza kuufunga kwa siku moja.

Halafu jaribu kila mwezi. Chomoa chaja usiku kucha, asubuhi pima betri. Ikiwa chini ya volti 12, nunua nyingine. Badilisha betri ya rimoti kila mwaka hata kama bado inawaka taa. Na kabla ya Mei, pamba inapoanza kununuliwa na pesa zinapoanza kuzunguka mjini, fanya jaribio kubwa pamoja na wale watano, mchana, mpime kwa saa: nani alifika, kwa dakika ngapi, kupitia mlango upi. Asubuhi ya siku hiyo mimi huwatumia hivi: "Leo saa 10 jioni nitawasha king'ora kwa dakika moja, ni jaribio. Kikilia saa nyingine yoyote, si jaribio." Mwaka huu tulifika watu wanne kwa dakika tatu. Wa tano alikuwa shambani, hivyo namba yake nimeishusha mwisho na nafasi yake nimempa muuza chipsi wa ng'ambo ya barabara, ambaye halali kabla ya saa 7.