MUNGANGA ANAJUA, LAKINI JE, ANAFANYA?



Kila kapita anajua kwamba hakuna kuingia mgodini bila kofia. Ukimwuliza, atakujibu vizuri. Lakini ukitaka kujua kama watu wake wanavaa kofia kweli, maulizo hayatoshi: lazima ushuke kazini na kuangalia vichwa. Ni hivyo hivyo kwetu sisi wanganga na wasaidizi wao, tunapokadiria hatari ya ugonjwa wa moyo.

Hatari hiyo hutoka wapi? Mwaka 1948, katika mji wa Framingham huko Marekani, wanganga walianza kufuata afya ya wanaume na wanawake 5 209. Miaka ilipopita, waliona kwamba moyo hauharibiwi na sababu moja tu. Umri, tansio ya juu, sigara, ugonjwa wa sukari na mafuta mengi ndani ya damu husaidiana kuuharibu. Tuseme watu wawili wana tansio ileile, 150 kwa 90. Mmoja ana miaka 42 na havuti sigara. Mwingine ana miaka 65, anavuta, tena ana sukari. Huyu wa pili yumo katika hatari kubwa zaidi. Munganga anayetazama tansio peke yake atawaona kuwa sawa, naye atakosea.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2019 Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS) lilitoa majedwali mapya ya rangi kwa watu wa miaka 40 mpaka 74, na sehemu yetu ya Afrika ya Kati imo. Yanaonyesha hatari ya miaka 10 ijayo: rangi ya majani ni chini ya 5 kwa 100, nyekundu nzito ni 30 kwa 100 au zaidi. Pahali pasipo na laboratwari, uzito na urefu hutumika badala ya damu.

Sasa, tutajuaje kama munganga anaifanya kazi hiyo? Kuna njia tatu:

1. Kumpa maulizo ya kuandika. Hapo tunapima anachojua.

2. Kumpa mgonjwa wa karatasi: umri, tansio, sigara, sukari. Aseme hatari ni kiasi gani na angefanya nini. Hapo tunapima namna anavyofikiri.

3. Kufungua fishi za wagonjwa. Hapo tunapima desturi yake, na hapo ndipo ukweli unapoonekana.

Fishi husema mengi. Mashine ya tansio ya mkono ina alama za 2 kwa 2. Basi, katika tansio nyingi, namba inayoishia kwa 0 inapaswa kuonekana karibu mara 1 katika 5. Ukikuta 130, 140, 150 peke yake, jua kwamba mpimaji anakadiria tu.

Kabla ya kulaumu mtu, nilifungua fishi nilizoandika mwenyewe. Tansio nyingi ziliishia kwa 0. Mstari wa sigara mara nyingi ulikuwa mtupu, hata kwenye fishi ya mtu ninayemwona kila asubuhi akivuta mbele ya mlango wetu! Sikukosa kujua; jambo hilo nawafundisha wengine. Nilikosa kuuliza, kwa kuwa watu walikuwa wengi. Tangu siku ile, naandika namba ninayoiona, na siachi mstari mtupu.

Nawe, ndugu, utusaidie:

– Usivute sigara wala kunywa kahawa nusu saa kabla ya kupimwa.
– Keti dakika 5, mgongo umeegemea, miguu haikupandana, mkono juu ya meza.
– Sema ukweli juu ya sigara. Hatuandiki ili uadhibiwe.
– Ukiwa na miaka 40 au zaidi, uliza: « Tansio yangu ni ngapi? Sukari yangu imepimwa? Hatari yangu ni rangi gani? »

Munganga wa kweli hakasiriki akiulizwa. Ulizo lako ndilo litakalomkumbusha kufanya anachokijua.